Wanangu walimu, mrudishieni mtoto insha yake aiandike tena

Kwenu walimu vijana mnaofundisha Kiswahili sekondari, bara na pwani,

Salamu aleikum wanangu, poleni na kazi. Mimi nimeshastaafu, chaki nimeiweka chini baada ya miaka 31, lakini jirani yangu ni mwalimu kijana kama nyinyi na kila Jumapili jioni namuona pale barazani na rundo la madaftari ya insha, biro nyekundu mkononi, anasahihisha mpaka giza linaingia anawasha tochi ya simu. Roho inaniuma kumuangalia, manake najua ile kazi yote inaishia wapi. Kesho mtoto atapewa daftari lake, atafungua moja kwa moja mahali pa maksi, ataona 9 juu ya 20, atamuuliza mwenzake we umepata ngapi, alafu atafunga. Ule wino wote hausomwi. Na wiki ijayo mada mpya, makosa yaleyale.

Nami nilifanya hivohivo miaka mingi sana, na kuna watoto walipita mikononi mwangu ambao ningewasaidia zaidi kama ningejua, ndo maana nawaandikia.

Kilichonifungua macho ni binti mmoja wa kidato cha pili. Mada ilikuwa ya siku asiyoisahau. Akaanza vile wote wanavyokaririshwa toka primari, jua lilikuwa limechomoza upande wa mashariki, ndege wakiimba nyimbo tamutamu, yeye akarauka akajitoma bafuni, ukurasa mzima wa hayo, alafu mistari mitatu tu kwamba baba aliuza mbuzi apate karo na "machozi yakanitiririka njia mbili mbili". Siku hiyo nilikuwa nimechoka, madaftari mengi, sikusahihisha kitu. Nikaandika pembeni swali moja, "Nani alimfungua kamba?", nikamrudishia nikamwambia mwanangu kaandike tena.

Akaniletea baada ya siku mbili. Jua halikuwepo, ndege hawakuwepo. Mnunuzi kaja na pikipiki, mbuzi anapiga mateke hakubali kushikwa na mtu, baba akamwambia binti mfungue wewe, wewe anakujua, basi akamfungua mtini na kamba ileile ndo akamfungia miguu. Alafu usiku akamsikia mtoto wa yule mbuzi analia zizini, akatoka na leso yake akaketi naye mpaka adhana ya alfajiri. Neno huzuni halimo popote. Bado kaandika "miguu zake", bado "ambayo" kaitia kila mahali hata pasipo pake, lakini nilisoma nimesimama katikati ya ofisi ya walimu nikamwita mwenzangu nikamsomea kwa sauti, na yeye akanyamaza.

Swali lile lilinichukua nusu dakika kuliandika.

Sasa pigeni hesabu. Darasa la watoto 60, ukisahihisha kila kosa dakika 6 kwa daftari hiyo ni saa 6 nzima, Jumapili yako imekwisha. Ukiuliza swali moja la maana, tuseme dakika 2 kwa kila mmoja pamoja na kusoma, ni saa 2. Na zile saa 4 zilizobaki, mtoto ndo anafanya kazi, yeye ndo anayepaswa kujifunza kuandika, wewe unajua tayari.

Sarufi na hijai msiziache, nisieleweke vibaya, ila ziwekeni mwisho. Kuna faida gani kunyoosha ngeli kwenye aya ambayo kesho itafutwa yote? Mwambieni aruke mstari mmoja mmoja kwenye nakala ya kwanza apate pa kuandikia. Yaliyomo yakishakaa sawa, ndo mnageukia makosa, na hapo pia msimsahihishie. Wekeni nukta pembeni ya mstari wenye kosa, basi, alitafute mwenyewe. Mengi atayaona, manake kanuni anaijua, ila hakuwahi kurudi kusoma alichoandika. Yale asiyoyaona ndo ya kufundisha, na chagueni aina moja kwa insha moja, wiki hii upatanisho, nyingine alama za uakifishaji. Daftari likirudi limejaa wekundu kutoka juu mpaka chini mtoto haoni makosa 40, anaona kwamba yeye hajui kitu.

Na wasomeane, wawili wawili, kwa sauti. Sikio linakamata kile jicho limekipita. Lakini mkiwaachia tu wataambiana "iko poa" wamalize. Mpeni msikilizaji kazi, aseme ni wapi aliona picha kichwani na ni wapi alipotea. Kwangu ilichukua karibu muhula mzima kabla hawajazoea, mwanzoni wanacheka sana, vumilieni.

Kuhusu maksi, ziwekeni kwenye nakala ya mwisho, si ya kwanza. Kuna mtafiti anaitwa Ruth Butler alichapisha utafiti wake 1988 kuhusu wanafunzi wa Israel, waliopewa maoni peke yake waliendelea vizuri, waliopewa maoni pamoja na alama hawakufaidika hivo, yale maoni ni kama yalimezwa na alama. Niliposoma hilo nikakumbuka yale madaftari yanavyofungwa paap.

Najua mtaniambia, mwalimu, kwenye KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, karatasi ya kwanza ya Kiswahili ni saa 1 na dakika 45, insha 2, maksi 20 kila moja, nani atapata muda wa kuandika mara mbili? Kweli hatapata. Lakini mtoto aliyezoea kuulizwa "nani alimfungua kamba" anaanza kujiuliza mwenyewe kabla biro haijagusa karatasi, na ule ukurasa wa jua na ndege anauruka. Huyo anabakiwa hata na dakika 5 za kurudi kusoma. Wakuu wa idara nao watalalamika kwamba insha mlizotoa ni chache. Waonyesheni nakala ya kwanza na ya tatu, zikae pamoja kwenye daftari moja, wasome wenyewe.

Basi naomba hivi, Jumatatu msitoe mada mpya. Chukueni ile insha ya mwisho mliyosahihisha, kila mtoto mumuulize swali moja ambalo nyinyi wenyewe mnataka kweli kujua jibu lake, alafu mngoje.

Mwalimu wenu mstaafu,
Kilifi