Kiti cha kusomea kwa chumba cha giza giza: usikimbilie leza

Wiki hii mteja katuletea hapa karakana Keko kiti cha masikio, kile chenye mabawa pembeni ya kichwa, alikinunua kwingine na hata miaka miwili hakijafikisha leza feki, yaani ngozi ya bandia, imeshachubuka magamba magamba, ukinyanyuka yanabaki kwenye shati. Imetuuma kwakweli, maana chumba kakipania: ukuta kijani iliyokolea, shelfu za vitabu mpaka dari, taa ya njano mezani, yaani kile chumba cha msomi wa zamani ambacho wengi mnatuonyesha picha zake kwenye simu siku hizi.

Sasa yale masikio asili yake ni Uingereza, karne ya 17 huko, yalikinga upepo wa baridi na kushika joto la moto wa kuni. Dar ya Februari unaijua mwenyewe. Na leza feki ni plastiki tu imepakwa juu ya kitambaa, jasho na unyevu wa pwani vinaimaliza. Kama roho inataka masikio tutakutengenezea, ila tuvalishe velveti.

Mimi ningechukua fremu ya mninga, mgongo wa henzerani upitishe hewa, mto wa kuvua na kufua. Mninga ukipigwa msasa ukaiva halafu vanishi isiyong'aa, ile kahawia inakolea mpaka chumba kizima kinatulia, huhitaji leza tena. Ila kipindue kiti uangalie chini kabla hujalipa, ukiona mbao ina upande mweupe mweupe huo sio moyo wa mti, dumuzi, wale wadudu watoboa mbao, wanaanzia hapo hapo, asubuhi unakuta unga sakafuni.

Halafu jamani kiti cha enzi, kile cha Lamu na Zanzibar, mbao nyeusi, kamba za kusukwa, nakshi za pembe, mbona tunakisahau? Hadhi yote ya usomi iko pale. Mgongo wake umesimama wima lakini, kwahiyo kiweke kwenye meza ya kuandikia, sio cha kujilaza na kitabu masaa matatu.

Meza ya kimo cha sentimita 75 inataka kiti ambacho pa kukalia ni kimo cha 45 hivi. Ukija kuoda njoo na kitabu chako, keti usome dakika 20, viwiko vilale kwenye mikono ya kiti bila mabega kupanda. Magoti yakizidi nyonga tunarefusha miguu kabla ya vanishi.