Mdogo wangu, esansi ile ilikuwa ya kilio

Mdogo wangu,

Nakupigia tangu Pasaka, simu inalia mpaka inakatika yenyewe. Ujumbe unausoma, hujibu. Basi naandika hapa. Hata ukikataa kusoma, pale Bukavu hawatakosa watu wa kukusomea.

Sitazunguka. Usiku wa pili wa kilio cha Mama, baba mkubwa amesimama chini ya turubai anataja wazee wetu mmoja mmoja, grupu, ile jenereta, likakohoa mara mbili, likazima. Giza tupu. Mikrofoni imekufa, wageni wameganda kwenye viti vya kukodi, na wale kina mama wa soko la Virunga waliokuwa wanaimba wakanyamaza katikati ya wimbo. Nilikimbilia nyuma ya nyumba na tochi ya simu. Bidoni ya esansi, petroli lita 20 nilizozinunua asubuhi kwa pesa yangu, haina hata tone. Na wewe umekaa juu ya lile jiwe jeusi la volkeno, kompyuta magotini, kioo kinakumulika usoni, tarakimu zinapita mstari juu ya mstari. Kumbe mchana kutwa, umeme ukiwa umekatika, uliliacha grupu lingurume kwa ajili ya betri yako iliyochoka.

Nikasema, na watu wote wakasikia: "Mama amelala kwenye sanduku, wewe unahesabu!" Ukajibu polepole, "Yaya, ngoja kidogo, kuna kitu nataka kukuonyesha." Sikungoja. Nilikifunga kifuniko cha kompyuta yako kwa mkono wangu huu. Kesho yake ulitupa udongo kaburini pamoja na sisi, halafu ukapanda boti.

Daftari lako lilibaki chini ya kitanda. Mwezi mzima sikuligusa. Nilipolifungua nikakuta umeandika 65, miaka ya Mama, na chini yake: kwa msingi wa 2, yaani kuhesabu kwa makundi ya mbili mbili badala ya kumi kumi, ni 1000001, kwa msingi wa 4 ni 1001, kwa msingi wa 8 ni 101, kwa msingi wa 12 ni 55. Anzia kushoto, anzia kulia, unasoma kile kile. Palindromu, uliandika, ukapiga mstari.

Unakumbuka ulikuwa na miaka kumi tu uliponionyesha mambo haya mara ya kwanza. Tarehe 17 Januari 2002, tuko njiani kwenda Gisenyi, volkeno ya Nyiragongo inawaka nyuma yetu, mimi nimekubeba mgongoni ingawa ulikuwa mkubwa, Mama ana sufuria kichwani. Ukaniambia sikioni kwamba mwaka huu ukiugeuza unabaki ule ule, na ule uliozaliwa, 1991, pia. Mama akasikia, akacheka. Siku hiyo sikumwona akicheka tena. Sasa najua kwamba yote miwili inagawanyika kwa 11, kama palindromu yoyote ya msingi wa kumi yenye idadi shufwa ya tarakimu, na kwamba mwingine wa namna hiyo ni 2112. Wewe na mimi hatutauona.

Ndiyo, nimejifunza. Pale kwenye fotokopi yangu, wateja wakipungua, nilinakili programu yako mstari kwa mstari kutoka daftarini mpaka ikakubali. Unagawanya namba kwa msingi, unaweka baki pembeni, unagawanya tena kilichotoka, mpaka kiishe. Kisha unasoma baki kuanzia ya mwisho. 65 kwa 12 ni 5, baki 5. 5 kwa 12 ni 0, baki 5. Ndiyo 55. Nikamkumbuka Mama na mayai yake. Mayai 65 hakusema 65, alisema plato mbili na matano, maana plato ni mayai 30. Hakukaa darasani hata siku moja, na msingi wa 30 aliujua vidoleni. Nililia pale pale mbele ya mteja.

Lakini sikiliza. Kwa sababu nimejifunza, najua pia kwamba ile hesabu ya 65 haihitaji grupu. Kalamu inatosha. Hata namba zote chini ya milioni ambazo ni palindromu kwa msingi wa 10 na wa 2 kwa pamoja niliziomba kompyuta ya dukani, chai yangu haijapoa zikatoka: kuanzia 1 ni 19 tu. 33 imo, 585 imo, ambayo kwa msingi wa 2 ni 1001001001, na ya mwisho ni 585585. Zote witiri, maana kwa msingi wa 2 namba haianzi na 0, kwa hiyo palindromu haiwezi kuishia na 0. Dakika haikwisha. Wewe esansi ya siku nzima uliipeleka wapi?

Nikafunua ukurasa unaofuata. 196. Igeuze, jumlisha: 196 na 691 ni 887. Igeuze tena, jumlisha: 1675. Halafu 7436. Unangoja palindromu itokee. Kwa 89 inatokea baada ya hatua 24, 8813200023188. Kwa 196 haijatokea kwa mtu yeyote. John Walker wa Marekani aliiacha mashine yake ikijumlisha tangu 1987 hadi 1990, ikafika namba ya tarakimu milioni moja, bado. Na wewe ulikuwa unajua! Umeyaandika mwenyewe, kwa mwandiko wako. Ulichagua hesabu isiyoisha, mdogo wangu, kwa sababu ingeisha ungelazimika kuja kukaa na sisi chini ya turubai.

Nakushauri kama dada yako mkubwa: msiba haukimbiwi. Ukiukimbia, mwingine anaubeba mara mbili. Nani alitafuta sanduku? Nani alikodi viti, akanunua mchele, akapokea watu wa Rutshuru saa nane za usiku? Usiku ule nilikuwa sijalala siku tatu. Mtu yeyote angekifunga kile kifuniko. Nimemuuliza shangazi, amesema hata yeye angekifunga. Kwa hiyo usiwaambie watu kwamba nilikudhalilisha. Nilitaka taa iwake Mama aombewe, basi.

Mwaka huu nimefika 47. Nimeijaribu kwenye programu yako: msingi wa 2 mpaka wa 45, hakuna hata mmoja unaoifanya isomeke pande zote mbili. Zipo nyingine kama hiyo, 19, 53, 79, zote namba tasa. Nilitaka kumwambia mtu, nikakosa wa kumwambia.

Na kuna moja sijaielewa. Umeandika kwamba kwa msingi wa 2 imethibitishwa kuwa 22, ukiigeuza na kujumlisha, haifiki kamwe kwenye palindromu. Nimeanza na 10110, ndiyo 22, nikageuza na kujumlisha kwa mkono. Hatua ya nne nikapata 10110100, ya nane 1011101000. Naona 1 moja imeongezeka katikati na 0 moja mwishoni, umbo ni lile lile. Hapo naelewa. Kwa nini kwa msingi wa kumi hakuna aliyeweza kuthibitisha 196 namna hiyo, hapo ndipo ninapokwama, na daftari linaishia hapo.

Liko kwenye sanduku la vitenge vya Mama. Silitumi kwa boti. Njoo ulichukue mwenyewe, na uje na bidoni ya esansi.

Dada yako, Goma