Kanda kamili za wazee zihifadhiwe Kilimani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu habari mliyoichapisha ya studio moja ya Mji Mkongwe inayotayarisha podikasti za historia, ambayo imetangaza kuwa mfululizo wake ujao utarikodiwa Unguja na Pemba kwa kuwahoji wazee. Habari hiyo imenifurahisha, kwani podikasti za nje zinapoigusa Zanzibar mara nyingi hukimbilia vita vya Uingereza na Zanzibar vya tarehe 27 Agosti 1896, kwa kuwa vilimalizika katika dakika zipatazo 40 na jambo hilo huwachekesha wasikilizaji. Waliokuwa na jamaa zao ndani ya kasri siku ile sidhani kama waliona cha kuchekesha.

Ninalotaka kuuliza ni kuhusu kanda zenyewe. Kipindi cha nusu saa hukatwa kutoka katika mazungumzo ya saa kadhaa, na mtayarishaji, ambaye simlaumu, hubakisha kile kitakachomshika msikilizaji. Mzee wa huku kwetu akisimulia aliyoyarithi kwa wakubwa wake juu ya kimbunga cha mwaka 1872, kilichoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuinusuru Pemba, studio itaubakisha upepo. Yatakayoondolewa ni majina ya mashamba, nani alimuuzia nani, nasaba za waliovuka bahari kuja kuchuma na wasirudi tena. Nayo ndiyo atakayoyatafuta mjukuu wake, na ndiyo atakayoyatafuta mtafiti.

Leo tunaisikia sauti ya Siti binti Saad kwa sababu mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay akarikodiwa katika sahani za santuri. Sahani za zama zile zilichukua kiasi cha dakika tatu au nne kwa kila upande, kwa hiyo wimbo uliozidi hapo ulilazimika kufupishwa. Sisi hatuna dhiki hiyo. Faili la mahojiano ya siku nzima linaingia katika kifaa kinachotosha mfukoni, na tukilifuta tumelifuta kwa hiari yetu.

Kwa hiyo naiomba studio hiyo ipeleke nakala kamili ya kila mahojiano, isiyohaririwa wala kupunguzwa ubora wa sauti, katika Nyaraka za Taifa pale Kilimani, ikiandamana na jina la msimulizi, kijiji chake, tarehe na jina la aliyemhoji, kwani kanda isiyo na maelezo hayo haimfai mtu baada ya miaka 30. Nakala nyingine wapewe watu wa nyumbani kwake. Nasema hivi kwa kuwa waliwahi kuja kijijini kwetu watu na vinasa sauti vyao, wakakaa na wazee barazani, wakaahidi kurudisha nakala. Wazee wamekwisha kufariki na nakala hatujaziona.

Suala la ridhaa nalo lisifanywe la haraka. Wako watakaozungumzia siasa za kabla ya Januari 1964 na yaliyofuata, na baadhi yao watapenda maneno yao yasisikike mpaka watakapokuwa wameondoka duniani. Hiyo ni haki yao. Iandikwe katika mkataba wa Kiswahili, na asiyeweza kuusoma asomewe mbele ya mtu wake kabla ya kutia saini.

Nina ombi jingine dogo: mzee akizungumza Kipemba aachwe azungumze Kipemba, asifunikwe na sauti ya mtangazaji anayemnyoosha.

Kilimani kumezoea kutunza hati za karatasi, za Kiarabu na za Kiingereza, na bila shaka faili za sauti zitahitaji vifaa na wataalamu wake. Wizara inayohusika iliingize hilo katika bajeti. Lakini studio isisubiri hilo. Ningependa ijibu kupitia gazeti hili, kabla watu wake hawajapanda boti kuja Mkoani, kanda kamili zitawekwa wapi na nani atakuwa na ruhusa ya kuzifungua.

Msomaji wenu,
Wete, Pemba