Jumamosi: watu na magofu ya Claude Lorrain
Habari za jioni wapendwa. Jumamosi saa nne asubuhi tunaangalia michoro ya Claude Lorrain, mchoraji wa mandhari aliyeishi Roma hadi kufariki mwaka 1682. Daftari alilonakilia picha zake, lenye kurasa nyeupe na za buluu, liko kwenye jumba la makumbusho la British Museum, London.

Naomba tukae zaidi kwenye wale watu wadogo: mchungaji na mbuzi wake chini ya nguzo zilizobomoka. Hakuyatunga yote kichwani. Enzi zake uwanja mkuu wa Warumi wa kale ulikuwa malisho, ukiitwa Campo Vaccino, yaani uwanja wa ng'ombe! Tazameni pia wino wa kahawia uliozimuliwa kwa maji: nguzo ya karibu nzito, ya mbali kama moshi.

Njooni na kalamu, wino na brashi. Atakayechelewa anijulishe mapema.