Kwetu ni Bahi, na mimi sijahama

Mwanangu mpendwa,

Mbukwa. Sisi huku ni wazima, bibi yako anakusalimu sana. Majaruba ya mpunga tumeshayatengeneza, tunangoja mvua.

Jana ulinipigia sauti ikitetemeka, kwamba fomu yako imerudishwa. Cheti cha kuzaliwa kinasema Dodoma Vijijini, wewe umeandika Bahi, na karani akakuuliza mbele za watu, "Kwani kwenu hasa ni wapi?" Salio likaisha kabla sijakujibu. Nimelala na swali hilo usiku kucha.

Kwenu ni hapa hapa kitovu chako kilipozikwa. Ulipozaliwa mwaka 2002 hapa paliitwa Wilaya ya Dodoma Vijijini, wilaya kubwa iliyouzunguka mji. Mwaka 2007 ikagawanywa, huku magharibi tukawa Bahi na wenzetu wakawa Chamwino. Nyumba ni ile ile, kisima ni kile kile. Cheti chako kinasema kweli na fomu yako inasema kweli, umri wa karatasi tu ndio unaotofautiana.

Babu yako aliyaona makubwa zaidi. Alizaliwa enzi za Mwingereza, hapa pakiitwa Jimbo la Kati, na Singida ilikuwa humo humo. Baada ya uhuru majimbo yakaondolewa ikaja mikoa, Singida ikawa na mkoa wake. Yeye ndiye aliyehama kweli, miaka ya mwanzo ya 70 watu walipokusanywa vijijini. Aliacha nyumba yake ya tembe iliyokuwa peke yake porini, akaja hapa na ng'ombe wake. Mpaka anafariki alikuwa akielekeza watu kwa kutaja mibuyu ya kule.

Sasa mkoa una wilaya saba: Dodoma yenyewe, Bahi, Chamwino, Kongwa, Mpwapwa, Kondoa, na Chemba iliyomegwa kutoka Kondoa mwaka 2012. Tatizo ni kwamba Dodoma ni jina la mkoa, la wilaya, na tangu 2018 la jiji pia. Mtu wa mbali akisikia Dodoma anaona Bunge na magorofa. Haoni Wasandawe wa Kwa Mtoro, wala michoro ya mapangoni kule Kolo. Na uangalie sana jina la Makutupora, maana ziko mbili. Moja iko jijini, kwenye zabibu na visima vinavyonywesha mji. Nyingine iko Manyoni, mkoa wa Singida, kwenye stesheni ya reli ya mwendokasi. Binamu yako alimsubiri mgeni kwenye hii, mgeni yuko kwenye ile.

Lakini mwanangu, mipaka ya karatasi huja na kupita. Ninayotaka uijue ni ya maji, kwa sababu ndiyo iliyokulisha. Mvua inayonyesha upande wa Hombolo huingia mto Kinyasungwe, ikapita Kongwa na Mpwapwa, ikaungana na mto Wami hadi Bahari ya Hindi. Ya kwetu haiendi popote. Mto Bubu unashuka kutoka kaskazini, unapita Kondoa na Chemba, unaingia kwenye mbuga ya tope ya Bahi na safari inaishia hapo. Tuko chini, ndani ya Bonde la Ufa. Ukisimama uwanjani ukatazama magharibi unauona ule ukuta wa milima ya kuelekea Manyoni. Maji yakishafika hayana pa kutokea, yanabaki hadi jua liyanywe, yanatuachia tope la mpunga, kambare, na chumvi. Ada yako ya kidato cha tano na cha sita ilitoka kwenye tope hilo. Kwa hiyo mtu akikuuliza kwenu wapi, usijibu kwa woga kama mtu aliyekosea. Sema: kwetu ni pale Bubu unapoishia.

Kwenye fomu jaza hivi: mkoa Dodoma, wilaya Bahi, halafu tarafa, kata, kijiji na kitongoji kama nilivyokuandikia nyuma ya karatasi hii. Usiandike mtaa, mitaa ni ya mjini. Asubuhi nilikwenda kwa mtendaji wa kijiji, ameandika barua ya utambulisho inayoeleza kuwa wilaya iligawanywa, akagonga muhuri. Nimemkabidhi kondakta wa basi la saa nne pamoja na kilo tano za mchele mpya. Mpigie simu akikaribia stendi, asije akapitiliza nayo.

Mama yako