Kerneli mpya isisingiziwe, gdb ina sababu ya kukataa

Mhariri,

Katika maabara za kompyuta, kuanzia Kondele hadi Maseno, kuna dawa inayopendwa mno. Mashine ya Linux ikishasasishwa na gdb (zana ya kusaka hitilafu ndani ya programu inayokimbia) ikaanza kukataa kushika programu, mtu huchagua kerneli (kiini cha mfumo) ya zamani kwenye menyu ya kuwashia na kuendelea na kazi. Kwa programu zenye haki za ruti (root, mtumiaji mkuu mwenye mamlaka yote), dawa hiyo haitibu kitu.

sudo (ya kuendesha amri kwa haki za ruti) na passwd (ya kubadili nywila) ni mali ya ruti na zina biti ya setuid, alama inayoifanya programu ikimbie kwa haki za mwenye faili. Amri ls -l huonyesha herufi s mahali pa x. Mtumiaji wa kawaida akizianzisha ndani ya gdb au strace (zana inayoorodhesha maombi ya programu kwa kerneli), kerneli huipuuza biti hiyo na programu hukimbia kwa haki za mtumiaji yuleyule. Vinginevyo yeyote angechezea kumbukumbu ya programu ya ruti na kujipa uruti. Kwa hiyo hitilafu unayoisaka haitokei kabisa. Sudo hulalamika tu kwamba haina haki za ruti. Sheria hii ni kongwe kuliko kerneli yoyote utakayoikuta kwenye menyu hiyo.

Kinachowachanganya wengi ni Yama, moduli ya ulinzi inayodhibiti nani anaweza kushika mchakato (programu inayokimbia), iliyoingia katika kerneli 3.4 mwaka 2012. Soma /proc/sys/kernel/yama/ptrace_scope. Ukikuta 0, unaweza kushika mchakato wako wowote wa kawaida. 1, ambayo Ubuntu huja nayo, hukuachia michakato uliyoizaa tu, ndiyo maana gdb -p, ya kushika mchakato unaokimbia tayari, hugoma hata kwa programu yako isiyo na setuid. 2 humwachia ruti peke yake. 3 humfungia hata ruti, wala haishuki mpaka mashine iwashwe upya. Ukiikuta, kagua kwanza mafaili ya /etc/sysctl.d, ambako mipangilio ya kerneli huwekwa.

Kurudi nyuma kuna hatari pia. Julai 2019, toleo 5.1.17 liliziba tundu la usalama lenye namba CVE-2019-13272: kerneli ilikuwa ikirekodi vibaya haki za mchakato unaoomba kufuatiliwa, na mtumiaji wa kawaida aliweza kuwa ruti. Kerneli kuukuu huenda ikawa na tundu hilo. Namba ya toleo peke yake haikuambii, kwa kuwa Debian na Ubuntu hupachika viraka katika matoleo ya zamani. Soma tangazo la usalama la kifurushi chenyewe.

Njia iliyonyooka ni kufuatilia ukiwa ruti. Ingia kwa sudo -i, kisha:

strace -f -u mwanafunzi -o /root/passwd.log passwd

Hiyo -u isisahaulike. Huanzisha passwd kwa jina la mwanafunzi na setuid yake ikifanya kazi. Ukiiacha, passwd itaendeshwa na ruti moja kwa moja, haitauliza nywila ya zamani, na utakuwa unachunguza njia nyingine kabisa ndani ya programu. Tumia akaunti ya majaribio, kwa sababu strace hunakili yanayosomwa, nywila zikiwemo, na faili hilo halifai kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa.

Kwa gdb, acha passwd ikisubiri nywila, fungua dirisha la pili, pata namba ya mchakato kwa pgrep -x passwd, kisha sudo gdb -p na namba hiyo. Hufanya kazi ptrace_scope ikiwa 0, 1 au 2, bila kulegeza ulinzi wowote.

Programu ya setuid ikianguka bila kuacha faili la core (nakala ya kumbukumbu yake ilipoanguka), tazama mpangilio fs.suid_dumpable. Kwa 0 faili haliandikwi. Kwa 2 huandikwa likisomeka na ruti tu, lakini tangu kerneli 3.6 ni lazima kernel.core_pattern, inayotaja faili hilo liandikwe wapi, ianze na njia kamili au na alama ya bomba (|). Hapa ndipo kusasisha kulikovunja kweli mipangilio ya zamani iliyoandika neno core tupu, na kurekebisha ni mstari mmoja:

sysctl -w kernel.core_pattern=/var/crash/core.%p

Walimu wa mifumo ya kompyuta,
Kisumu