Kumbe vile vinyota vina jina

Mhariri, naomba kanafasi kwenye barua za wasomaji.

Tangu nikiwa mdogo naviona angani vile vinyota vilivyobanana kama punje zimemwagika sehemu moja, ukihesabu unapata sita, siku macho yakiwa mazuri saba, na sikuwahi kujiuliza vinaitwaje, kwangu vilikuwa "vile vya pamoja" basi. Juzi nafungua kamusi natafuta neno "kilindi" (kulikuwa na ubishi) jicho likatua juu kidogo, kilimia. Nikasoma, nikarudia. Kumbe ndo vyenyewe!

Jina linatokana na kulima, wazee walikuwa wanakiangalia ndo wanajua msimu. Halafu kuna ile methali, kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Miaka yote nimeisikia nikidhani ni fumbo tu la shida na raha, kumbe watu walikuwa wanasema kitu wanachokiona kwa macho. Hebu fuatilieni, mwanzoni mwa Mei kilimia kinazama magharibi nyuma tu ya jua, masika bado inapiga, kisha kinapotea wiki kadhaa maana jua linakuwa upande huohuo, kuja kukiona tena ni Juni, alfajiri, mashariki, na mvua imeshakata. Hapo si kimezama kwa mvua kikazuka kwa jua?

Na sio sisi peke yetu, Wazulu na Waxhosa wanakiita isiLimela, kulima ni kulekule, na Waxhosa mwanaume alikuwa anahesabu miaka yake tangu atoke jandoni kwa isiLimela. Mwanga wenyewe unatumia kama miaka 440 kutufikia, yaani huu tunaouona leo ulianza safari Wareno hawajaanza hata kujenga Fort Jesus mwaka 1593.

Kinachoniuma, shuleni nilikaririshwa Pleiades, jina la Kigiriki, nikaandika kwenye mtihani na nikapata, la kwetu hakuna aliyelitaja. Sasa ombi langu, pale mnapoweka utabiri wa hali ya hewa ongezeni japo mstari mmoja, kilimia leo kinazama saa ngapi. Nafasi haiwezi kukosa, matangazo ya nguvu za kiume mbona yanaenea.

Lile la kilindi bado tunabishana.

Msomaji wenu